Mita Sita za Ukavu

Ua wetu wa nyuma ni wa matete, na matete hayajawahi kuficha neno la mtu. Kwa hiyo jioni ile niliposimama na kutangaza, kwa sauti ya mshindi, "Yule mzee nampiga radi, halafu naruka mita tatu, hanishiki!", mama jirani aliyekuwa akipepeta mchele upande wa pili aliacha kupepeta. Nilisikia ungo ukitua chini. Kikafuata kimya, nami kwa ujinga wangu nikadhani ni kimya cha heshima.

Mzee mwenyewe hakuwa mtu. Alikuwa jitu la mchezoni lenye ndevu za barafu, kiumbe ambacho kwa joto hili la Tchomia, mji wetu wa kando ya ziwa huku Ituri, kingeyeyuka kabla ya saa nne asubuhi. Lakini mama jirani angejuaje? Alichosikia ni kwamba kijana wa nyumba ya pili anapiga wazee radi na anaruka. Kesho yake asubuhi wamama wa maombi walikuwa wameketi uani kwetu, kitambaa cheupe kichwani kila mmoja, na Mama Mdogo akiwapa chai huku akinitazama kama mtu anayehesabu hasara.

Mchezo unaitwa Dungeons & Dragons. Ulichapishwa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, ukatufikia sisi karibu nusu karne baadaye ndani ya simu ya binamu yangu. Binamu alivuka Ziwa Albert mwaka 2018, wakati watu wa Djugu walipokuwa wakikimbia mashambulizi kwa maelfu, akaishi Kyangwali huko Uganda, akarudi na vitu viwili: Kiingereza, na mafaili ya mchezo huu. Mmoja anasimulia hadithi, wengine wanasema watu wao watafanya nini, na kete ya pande ishirini inaamua kama wamefanikiwa au wamejiaibisha.

Kete ya pande ishirini Tchomia haipo. Tulikusanya vifuniko ishirini vya bia ya Primus, tukavichora namba kwa msumari, tukavitia katika kopo la maziwa ya unga. Unafumba macho, unachota. Ilituchukua wiki tatu kugundua kwamba kifuniko namba 20 kilikuwa kimepinda ukingoni, na kwamba rafiki yetu mmoja, motari kwa kazi, yaani mbeba abiria kwa pikipiki, vidole vyake vilikuwa vimelijua hilo tangu siku ya kwanza. Kwa kete za kawaida tulikuwa na mbili za ludo. Moja ililiwa na bata. Tulimngoja siku mbili.

Shida yetu kubwa ilikuwa jina. Mtu wangu kwenye mchezo ni yule ambaye kitabu cha Kifaransa kinamwita *ensorceleur*: amezaliwa na nguvu zake, hakuzisomea. Sasa mpe jina la Kiswahili mtu wa namna hiyo, hapa Ituri, bila kusema mlozi. Jaribu. Mwalimu wa hesabu, ambaye ndiye mtu mzima kati yetu, alikataa kabisa neno hilo lisitamkwe karibu na ua wa matete, kwa kuwa watu wameshafukuzwa vijijini kwa neno hilo moja. Tukakubaliana "Mtu wa Upepo". Dawa zake tukaziita dawa tu. Hata hapo, dawa ya radi ni dawa ya radi, na Mtu wa Upepo akiituma, ameituma.

Kwetu radi haiokotwi njiani, hutumwa. Na kitabu, bila kujua, kinakubaliana na mama jirani. Mtu wa Upepo akifika daraja la sita, kila anapoanza dawa yenye radi au ngurumo, cheche zinawapata waliomzunguka mita tatu, tena wale tu anaowachagua. Binamu alipotafsiri maneno hayo, "anaowachagua", meza ilinyamaza. Mwalimu akakumbusha habari ya Oktoba 1998, magazeti yalipoandika kwamba radi ilipiga uwanja wa mpira kule Kasai, wachezaji 11 wa timu moja wakafa na wa timu ya pili wakatoka wazima. Watu hawakuuliza ni hali gani ya hewa. Waliuliza ni nani.

Mwalimu anapenda pia kutuambia kwamba wataalamu waliohesabu radi za dunia nzima kwa setilaiti, mwaka 2016, waliiweka Kabare, kule Kivu Kusini, kuwa ya kwanza Afrika: miali 205 kwa kila kilometa ya mraba kwa mwaka, na duniani ikatanguliwa na Ziwa Maracaibo la Venezuela peke yake. Anasema hivyo kwa fahari, kama vile aliifungia bao Kabare. Mimi nachukua neno moja tu hapo: Mkongo hahitaji kununua kitabu ili apate radi. Radi tunayo, tuna ya kuuza nje.

Ndiyo maana nilipoanza kuzipima nguvu za Mtu wa Upepo kwa kipimo cha Tchomia, hesabu ilikwenda kinyume na ya wachezaji wa Marekani. Wao husifu mshale wa radi, ule unaokwenda mstari wa mita thelathini, na unatupa kete nane za pande sita. Kwetu kete nane maana yake ni kutupa kete mbili mara nne huku mtu akizuia bata kwa mguu. Na ukishatupa, umepata nini? Wavuvi waliokuwa wakitutazama waliuliza swali moja la maana: radi hiyo ikipiga maji, samaki wangapi? Binamu akapekua simu hadi betri ikafika asilimia nne. Kitabu hakisemi lolote kuhusu samaki. Wavuvi wakaondoka, na sikuwalaumu.

Dawa ya ngurumo nayo inawasukuma walio mbele yako mita tatu, na mlio wake unasikika mita tisini. Hiyo niliifuta siku hiyohiyo. Hapa kwetu mlio wa namna hiyo haumfanyi mtu aulize ni nini. Unafanya watu wabebe watoto na magodoro.

Lugha ya upepo? Mtu wa Upepo huzaliwa akizungumza lugha ya viumbe vya hewa na maji na moto na udongo. Tchomia mfanyabiashara wa samaki anaamka na Kiswahili, Kihema, Kilendu, Kialuri na Lingala, anaweka Kifaransa kwa ajili ya mtu wa kodi na Kinyoro kwa ajili ya wanunuzi wa ng'ambo. Lugha moja zaidi si uchawi.

Kuruka mita tatu ndiko kulikonipa matumaini. Boti zetu hazifiki nchi kavu. Zinasimama majini, na kijana mwenye mabega anakuja kukubeba mgongoni kama gunia la muhogo, ukiwa umeshika viatu mkononi na heshima yako ikiwa imebaki botini. Mtu wa Upepo angeruka tu. Nikapiga hesabu ya pesa ningeokoa. Halafu siku moja nilikwenda na kamba kupima kweli: boti ilisimama mita tano na nusu kutoka mchangani. Mita tatu hewani, mbili na nusu majini, na vijana wa mabega wakikucheka. Isitoshe, huruki mpaka utumie dawa yenye daraja, na anayeanza ana dawa mbili tu za namna hiyo kwa siku. Ukienda na kurudi, zimekwisha.

Zimebaki nguvu mbili ambazo wachezaji wa Marekani huzipita haraka, wakiziita mapambo. Ya kwanza: mvua ikinyesha, Mtu wa Upepo anaweza kuisimamisha mita sita kila upande wake. Ya pili: upepo ukivuma, anaweza kuuchagulia uelekeo mita thelathini kila upande, ingawa hawezi kuuongezea nguvu, na baada ya sekunde sita hana budi kuchagua tena. Niliposikia hizo mbili niliacha kula. Mji mzima huu unaishi kwa mambo hayo mawili: upepo wa kuwapeleka watu majini, na ukavu wa kuwakausha samaki.

Na ukavu ndio ulioniumbua.

Ilikuwa Jumamosi. Mama Mdogo alikuwa na vichanja vinne vya samaki kapiteni wa chumvi, mzigo wa kupanda lori la Bunia Jumatatu. Aliniachia kazi ya maneno manane: "Ukiona wingu nyuma ya mlima, funika na bashi." Bashi, turubai la buluu, lilikuwa limekunjwa pembeni, likingoja. Mimi nikakaa barazani, mgongo ukielekea mlimani.

Kwenye hadithi tulikuwa kinamasini, mvua inatupiga, mienge inazimika, motari ameshaliwa nusu na kitu chenye meno. Nikasimama. Nguvu hii haihitaji hata kuchota kifuniko, inafanya kazi tu, na kwa mtu aliyezoea kuchota namba 3 hilo ni jambo la kusimamia. "Nasimamisha mvua!" nikasema, mikono juu. Makofi yakapigwa. Makofi yakaendelea. Makofi yakazidi kuliko watu watano tuliokuwapo, na ndipo mwalimu akatazama juu na kusema kwa upole, "Hayo ni mabati."

Nilikimbia. Bashi nililifungua upande usio wake, upepo ukaingia chini, likapaa na kunifunika mimi na kichanja kimoja kilichoanguka. Ndani ya buluu ile, nimelala juu ya samaki, chumvi inanichoma kwenye mkwaruzo wa kiwiko, nilisikia miguu ikija ndani ya matope. Miguu haikukimbia.

"Samaki yangu iko wapi?"

"Iko hapa, Mama Mdogo."

"Na weye?"

"Miye pia iko hapa."

Ilinyesha dakika arobaini. Baadaye mwalimu, ambaye hana huruma ila ana futi kamba, alipima uwanja. Vichanja vyote vinne vingeingia ndani ya mita sita zangu, na nafasi ya bata ingebaki. Samaki waliuzwa palepale Tchomia kwa bei ya aibu, na wiki mbili nikawa nabeba maji ya nyumba nzima.

Hapo ningekuwa nimekwisha, kama si ua wa matete. Mama jirani alikuwa amesikia pia "Nasimamisha mvua!" Yeye aliupokea mwisho wa kisa kwa namna yake: kijana alijaribu kuisimamisha, akakatizwa. Akaja jioni na kuku, jogoo mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya katani. Binti yake alikuwa anaolewa Alhamisi. Maombi yangeendelea, akasema, lakini mtu habishi hodi mlango mmoja tu.

Nilieleza kwamba ni mchezo. Akatikisa kichwa kwa heshima, kama mtu anayemsikia daktari akijishusha. Mama Mdogo, ambaye bado alinidai samaki, akampokea jogoo.

Alhamisi nilivaa shati jeupe nikasimama katikati ya turubai za harusi. Nilikuwa nimehesabu hatua zangu, nikaomba viti vya maharusi na meza ya keki visogezwe ndani ya mita sita. Wazee wa upande wa bwana harusi nao wakajisogeza, bila kuulizwa. Wingu lilisimama juu ya mlima kuanzia saa sita hadi saa kumi, jeusi, likituangalia. Halikushuka.

Ijumaa asubuhi walikuwa watatu mlangoni. Mfyatua tofali, kiongozi wa kwaya, na mvuvi mmoja, mzee mkavu mwenye mikono kama makasia, aliyetaka upepo wa kumfikisha Ntoroko, ng'ambo ya ziwa. Wale wawili niliwarudisha. Huyu nikaamua kumkatisha tamaa kwa ukweli. "Papa," nikamwambia, "ni mita thelathini tu. Na kila sekunde sita naanza upya." Mwalimu, kutoka barazani, akaongeza kwamba kwa safari ya saa tatu hiyo ni mara 1,800.

Mzee alitazama ziwa, akafikiri.

"Hizo mita thelathini," akauliza, "zinakufuata weye unapokwenda?"

Nikakiri kwamba zinanifuata.

"Basi utakaa ndani ya mtumbwi," akasema. "Chakula juu yangu."