Pongezi kwa Treni Isiyochelewa: Barua ya Wazi kwa Shirika la Reli

Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Reli Tanzania,
Dar es Salaam.

YAH: RELI YA KUSINI

Abiria wanaopandia mabasi ya Lindi na Mtwara pale Mbagala Rangi Tatu, Temeke, wanalipongeza Shirika kwa rekodi ambayo hata treni ya umeme ya Dodoma haijaifikia. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, reli ya Mtwara na Nachingwea haijachelewesha mtu, haijapindua behewa, wala tiketi zake hazijaangukia mikononi mwa walanguzi.

Haipo.

Vita Kuu ya Pili iliiacha Uingereza ikihangaikia mafuta ya kula, na mwaka 1946 serikali yake ikaamua kuyatafuta Tanganyika, kwenye karanga. Vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta ya kung'oa visiki. Kusini ikajengwa reli kutoka Mkwaya, jirani na Lindi, ikafika Nachingwea 1949. Kila kitu kilikuwapo isipokuwa karanga. Mradi ulifutwa 1951 ukiwa umekwishameza pauni milioni 36 hivi, lakini bandari yake mpya ya Mtwara ilikamilishwa 1954 hata hivyo. Fungu likishapitishwa, nani atalirudisha?

Mkoloni, basi, alikuwa na reli bila mazao. Nchi huru ikalirekebisha kosa hilo: mazao yakawapo, reli ikang'olewa. Haukupita muda, Septemba 1964 FRELIMO ikaanzisha vita vya ukombozi Msumbiji, na Nachingwea ikawa kambi yake kubwa ya mafunzo. Wapiganaji na mizigo vilipofika, treni ilikuwa imeshaondoka moja kwa moja. Kwa kupanga ratiba, Shirika halina mpinzani.

Bila reli, korosho za kusini nazo zina habari yake. Novemba 2018 Rais Magufuli aliliagiza jeshi lizibebe, na malori ya kijeshi yakaingia maghalani kusini. Barabara nayo ina yake: Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, mafuriko yaliikata barabara kuu upande wa Kilwa, na magari yakapanga foleni pande zote mbili za maji.

Abiria wanajua kwamba upo mpango wa reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, kama kilomita 1,000, na kwamba umepita katika upembuzi yakinifu. Hawataki kuharakisha wataalamu. Wanaomba tu, karatasi zikiendelea kupembuliwa, liwekwe benchi moja Nachingwea, wasubiri wakiwa wamekaa.

Wenu katika foleni,
Abiria wa Kusini, Mbagala.