Jua la Kuuza Katika Nchi ya Mvua

Mtu afanyaye kazi ya umeme wa jua mjini Tanga, ambako jua halibembelezwi wala halisubiriwi, bali huchomoza baharini likiwa limekwisha kukasirika, aghalabu hudhani kwamba Mwenyezi Mungu amemrahisishia riziki. Na mimi ningalikufa na itikadi hiyo lau si kampuni iliyoniajiri kukata shauri la kunipeleka Usambara.

Hoja ya mkubwa wangu ilikuwa ya kielimu. Paneli hupimwa nguvu zake kiwandani katika joto la nyuzi 25, na joto lake lizidipo hapo nguvu hupungua. Sasa bati la Ngamiani, hapo Tanga, saa saba mchana ni kikaango, ilhali Lushoto, iliyoinuka takriban mita 1,400 juu ya bahari, Wadachi waliipenda kwa ubaridi wake hata wakaipa jina la Wilhelmstal. Huko, alisema akijifuta jasho, paneli zitafanya kazi raha mustarehe. Ukungu hakuutia katika hesabu.

Pale Mombo, kabla basi halijaanza kujipinda kuelekea Soni, paneli zilipandishwa kwenye keria pamoja na nazi na ng'onda. Utingo aliniuliza kama meza zile za vioo ni za harusi. Nikamweleza kwa urefu kwamba ni za umeme, naye, baada ya kunisikiliza kwa adabu, akatoza nauli ya harusi.

Yafaa nitaje hapa kwamba katika milima hii wafalme wa Kikilindi waliokaa Vugha, na mashuhuri wao ni Kimweri ye Nyumbai wa karne ya 19, walihofiwa na kutiiwa kwa kuwa raia waliamini mvua imo mikononi mwao. Dola nzima ilisimama juu ya mawingu. Nami nimepanda kuwauzia wajukuu wa raia hao kitu kinachoomba mawingu yaondoke.

“Shikamoo, baba,” nilimwamkia mzee niliyekwenda kumfungia mtambo, katika kijiji kilicho njia ya Mtae.

“Marahaba, mwanangu. Kitu hiki kinakula nini?”

“Jua, baba.”

Aliutazama ukungu uliokuwa umekalia migomba, akanitazama na mimi kwa huruma. “Basi umeniletea mgeni mwenye saumu.”

Hata hivyo siku ilifika ukungu ukatawanyika, jua likawaka kweupe, na taa zikakataa katakata kuwaka. Nilikagua nyaya, nikakagua betri, hatima yake nikapanda juu ya bati, nikayakuta maharage yameanikwa juu ya paneli kwa ustadi mkubwa, pasipo nafasi ya kupenya hata miali miwili. Mama wa nyumba alikuwa amegundua kwamba katika boma lake hapana pahala pengine penye kioo safi, mteremko wa kiasi, na pasipofikiwa na mbuzi.

“Si ulisema ni chombo cha jua, mwanangu?” aliniuliza kutoka chini. “Nami nimekitumia.” Katika mafunzo yangu yote sikupata kufundishwa jibu la kauli hiyo.

Ijumaa yake, vuli ikiwa imechelewa na mashamba yakinyauka chini ya ukungu usio na tone, imamu aliomba mvua. Dua ilikuwa ndefu na fasaha. Mzee wangu, aliyeketi ubavuni pangu, aligeuza jicho kuangalia kama naitikia. Nikaitikia amina, tena kwa sauti.

Usiku ule ule mbingu zilifunguka. Na maji ya huku hayapotei bure: hushuka kwa mto Mkomazi, yakaingia Pangani, yakaenda kuizungusha mitambo ya Hale yenye megawati 21, na ile ya Maporomoko ya Pangani yenye megawati 68, yaani niliitikia amina kwa manufaa ya mshindani wangu wa biashara. Asubuhi mkubwa alipiga simu kutoka Tanga kuuliza kama betri zimekwisha kujaa. Nilimjibu kwa taadhima kwamba yaliyojaa ni mapipa, na kwamba mzee anaishukuru sana kampuni.