Shakwe wa Daraja la Tanzanite

"Anko, huyu ndege mbona ana mshikio?"

Swali hilo liliingia juzi usiku kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, kutoka kwa mpwa wangu wa darasa la tano. Dakika kumi nzima nilikuwa napokea makopa na pongezi kwa picha yangu: shakwe mweupe, mbawa wazi, nyuma yake Daraja la Tanzanite. Nikaikuza. Mshikio ulikuwepo. Ilikuwepo miwili. Nilikuwa nimepiga picha rambo.

Tena rambo, kitu kilichopigwa marufuku tangu Juni 1, 2019.

Naomba nijitetee. Shakwe akiruka hukata kama mita kumi kwa sekunde. Shata ikibaki wazi kwa sehemu moja ya sitini ya sekunde, ameshasogea sentimita kumi na saba, unaambulia ukungu wenye mdomo. Ukiipeleka kwenye sehemu moja ya elfu mbili, anasogea nusu sentimita tu. Hilo nilijua. Kilichoniponza ni fokasi, na jamani, fokasi ni uchawi wa aina yake. Kamera hugawa mwanga unaoingia kwenye lenzi mafungu mawili na kuyalinganisha; yakipishana, inasogeza vioo hadi yakutane, hata jicho hujapepesa. Ila ya kwangu, ya mtumba, haijui ndege ni kitu gani. Inachopenda ni mistari mikali ya giza na mwanga. Sasa iwekee ndege mmoja mbele ya nguzo na kebo za daraja la kilomita moja na ushee. Kila picha daraja lilitoka safi, unaweza kuhesabu kebo. Shakwe akawa tone la maziwa.

Halafu upepo. Nilisimama Salenda, kwenye daraja la zamani, Msimbazi unapoingia baharini, kaskazi ikinipiga usoni. Hakuna aliyeniambia kwamba ndege huelekeza kichwa upepo unakotoka. Mashakwe wote wakaelea wakitazama bahari, mimi nikakusanya mikia. Saa moja na nusu ya mikia! Ndipo kikatokea kimoja kinachonijia uso kwa uso, cheupe, kimetanua, kinapanda na kushuka kwa madaha. Nikabonyeza. Bila shaka kilinijia: hakikuwa na kichwa cha kuelekeza popote, kilipeperushwa tu.

Jumamosi iliyofuata nilipata kunguru, wazi kabisa, kila unyoya. Jumapili nilisahau betri.

Juzi asubuhi nikahamia Tanzanite penyewe. Sijafungua hata kifuniko cha lenzi, mlinzi huyu hapa: "Mzee, kamera hairuhusiwi." Kushoto kwangu bibi harusi alikuwa anapigwa picha kwa simu tatu. Kulia, kijana anajirekodi akicheza. Nikauliza kulikoni. "Hizo ni simu." Simu zenyewe zinaona mbali kuliko mtumba wangu, lakini lenzi ndefu ndiyo jasusi. Na chini yetu Msimbazi unamwaga plastiki baharini mchana kweupe, na sijaona mlinzi aliyeuambia hairuhusiwi. Hilo halinichekeshi.

Shangazi yangu wa Tanga hajaona swali la mpwa. Picha ile ameiweka kwenye profaili yake, na chini ameandika: "Tazameni kazi ya Muumba."