Ruhusa Sita

Hakuna kitu watu hukihifadhi upesi kama ruhusa. Mfundishe mtu haramu kumi na ruhusa moja, kesho muulize: ile moja ataisoma kwa ghibu.

Msikitini kwetu, baina ya Magharibi na Isha, tunasomeshwa Ihyaa Ulumuddin ya Imam Ghazali. Si kitabu cha mchezo. Kina vitabu 40 ndani yake, vimepangwa robo nne, na robo ya tatu yote ni mambo yanayomwangamiza mtu. Humo mna maafa 20 ya ulimi, na la 15 ndilo kusengenya.

Siku ya la 15 watu walinywea. Kusengenya, shehe akasoma, ni kumtaja nduguyo kwa jambo ambalo lingemfikia angelichukia, hata kama ni kweli tupu. Uwe umetaja mwili wake, nasaba yake, nguo yake, nyumba yake, hata mnyama anayempanda, ambaye leo ni bodaboda. Kumwigiza anavyotembea nako kumo. Anayesikiliza ni mshirika. Na yule anayemaka, "Haa! Kumbe ndivyo alivyo?" naye hasalimiki, kwa kuwa anamtia msemaji ari ya kuendelea. Mzee aliyekaa mbele yangu alikuwa akiitazama mistari ya mkeka utadhani anaihesabu.

Lau tungeishia hapo! Lakini imamu alikuwa mtu wa insafu, akaeleza na nyudhuru zake, sita: mwenye kudhulumiwa akishtaki, anayetaka msaada wa kuondoa uovu, anayeomba fatwa, anayetahadharisha watu na shari, anayemtaja mtu kwa lakabu iliyokwisha kumganda, mathalani Kiguru, na anayemtaja fasiki asiyejificha. Ghafla kalamu zikaanza kuazimwa.

Tangu siku hiyo barazani hakukaliki. Muuza kahawa hajajaza vikombe, mmoja keshaanza: "Jamani, mimi simsengenyi mtu, natahadharisha. Yule fundi wa pale kona, mpelekee kitambaa cha kanzu, Idi utamwona mwanawe ana shati jipya." Wa pili akadakia kwamba yeye amedhulumiwa, akaanza na mkwewe, akaenda hadi kwa ndugu wa mkwewe wa bara, ambao hata hajapata kuwaona.

Nikakimbilia nyumbani. Huko nikamkuta wifi wa mke wangu, yaani dada yangu mwenyewe, ananisubiri. "Kaka, wewe unakwenda darasani, nataka fatwa tu. Mwanamke anakopa sukari kila siku, na mumewe anafanya kazi bandarini, mlango wao wa buluu. Hukumu yake nini?" Imamu alisema ni bora muulizaji asimbainishe mtu. Dada yangu hakumbainisha, alitaja mlango.

Wanaonikera zaidi ni wacha Mungu wetu. "Maskini, tumwombee. Mtu mzuri sana, basi tu Mola kamtahini na chupa. Alhamdulillahi sisi katuepusha." Hapo anavuta tasbihi. Imamu Ghazali aliwataja hawa waziwazi: wamesengenya, kisha wakajionyesha wema, madhambi mawili kwa pumzi moja. Ukurasa huo sijui vipi, kila mtu kwake umechanika.

Mwenye kitabu mwenyewe hakuanza na jirani. Mwaka 1095 alikuwa mwalimu mkubwa wa madrasa ya Nizamiyya mjini Baghdad, kiti ambacho wanazuoni wengi wangekipigania. Akajipekua nia, akaona anasomesha kwa kutafuta jina, akaaga akaenda zake. Sisi shehe akisoma habari ya kiburi, shingo zinageuka kutafuta nani kasemwa.

Najua kuna msomaji keshauliza: na wewe hapa unafanya nini? Mimi ni mwenye kudhulumiwa, nashtaki. Ruhusa ya kwanza.

Sasa baada ya maafa ya ulimi kinafuata kitabu cha hasira. Shehe wetu, kwa heshima na taadhima, nakuomba: utusomee ubaya wake wote, usituonee huruma. Ila ukifika pale imamu anapotaja hasira inayofaa, funga kitabu, umwashirie mwadhini, tuswali Isha.