Denge Asingefika Mbali Somanga

Vuta N'Kuvute, filamu ya Amil Shivji iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na kuonyeshwa Toronto mwaka 2021, ni ya vivuli vitupu: Zanzibar ya miaka ya 1950, vichochoro, mwanga wa kuibia, na Denge anayewindwa na polisi wa mkoloni. Nimeipenda. Ila Denge huyo angeletwa Somanga, kijijini kwetu pwani, filamu ingekwisha dakika ya nne.

Basi alilopanda halijatulia vizuri, sinia la samaki wa kukaanga limeshafika dirishani, na nyuma yake kuna macho ya muuza samaki. "Shikamoo baba. Wewe si wa kwa mzee yule wa Nangurukuru? Paji ndilo lile lile!" Avae miwani nyeusi, ashushe kofia, aseme katoka Tanga, ataulizwa Tanga ipi, kwa nani, na mama yake kabila gani. Polisi wangekaa zao kivulini wakila changu, wakisubiri majibu.

  

Anayejaribu kujificha hapa ni mgombea. Kila miaka mitano anateremka kwenye gari la vioo vyeusi, kanzu ingali na mikunjo ya dukani, anajiita mtoto wa nyumbani. Huyo, muuza samaki hamuulizi ukoo. Anampandishia bei tu.