Hodi Kumi kwa Jarida Langu Mwenyewe

Mstaarabu hupiga hodi mara tatu. Asipoitikiwa, huenda zake. Mimi nimepiga kumi, tena kwenye mlango nilioulipia. Naishi Oltepesi, kando ya barabara ya Magadi, na ulevi wangu ni kuangalia ndege. Mapema mwezi wa tisa nilijisajili kusoma kwa intaneti jarida moja la ndege linalotoka Uingereza. Jina lake silitaji: limekataa kunijua, basi na mimi silijui. Hizi hapa hodi zangu, kuanzia iliyouma kidogo hadi iliyouma hasa.

10. Vidakuzi

Kabla hata ya salamu, mlango unauliza kama nakubali vidakuzi. Kwa Kiingereza vimepewa jina la biskuti, ili mtu asiogope. Kiswahili hakifichi: anayedakua ni mtoboa siri za watu. Nami nimevikubali kila siku, na mpaka leo havijawadakulia wenyewe siri moja ndogo tu: kwamba nimelipa.

9. Anwani

Fomu inataka jina la mtaa na nambari ya nyumba. Oltepesi ni jina la mgunga kwa Kimaa, na mgeni akija kwangu anaambiwa ashuke kwenye steji, apite duka, kisha aulize. Nikaandika sanduku la posta la Kiserian, 00206. Fomu ikameza sifuri zote mbili, ikabakiza 206, halafu ikanigombeza kwamba nambari yangu ni fupi.

8. "Thibitisha kwamba wewe si roboti"

Picha tisa. Chagua zenye taa za kuongozea magari. Nimeshafika Magadi na kurudi mara nyingi, sijaona hata moja. Chagua vivuko vya waenda kwa miguu, vile vya mistari ya pundamilia. Kwetu anayevuka ni pundamilia mwenyewe, na mistari anatembea nayo. Nilifaulu kwenye mabasi ya shule peke yake, maana sheria ya Kenya nayo inayataka yawe ya njano.

7. Swali la siri

"Mnyama wako wa kwanza aliitwa nani?" Alikuwa beberu, akiitwa Waziri, na tulimla Krismasi. Mfumo ukasema jibu si sahihi. Nikampigia mama. Mama akasema ni sahihi kabisa. Yeye ndiye aliyempika.

6. Nambari ya kuthibitisha

Wanaituma kwa ujumbe wa simu na inakufa baada ya dakika tano. Kwa mtu wa London dakika tano ni nyingi, anaweza hata kuchemsha chai. Kwangu mtandao unashika juu ya kilima, nyuma ya zizi la mbuzi. Dakika nne ni za kupanda, ya tano ni ya kuhema. Mbuzi wamenizoea. Nikitokea, wanasogea.

5. "Kifaa chako kimepitwa na wakati"

Wanamwambia nani? Mimi ni jirani wa Olorgesailie, ambako wanaakiolojia Louis na Mary Leakey walianza kuchimbua katika miaka ya 1940 wakakuta mashoka ya mawe yametapakaa kama karanga zilizomwagika. Yana zaidi ya miaka 500,000. Umbo lilelile la shoka lilirithiwa kwa mamia ya maelfu ya miaka, na hakuna babu aliyeamka asubuhi akaambiwa, "Sasisha shoka lako, hili halikati tena." Simu yangu ina miaka minne.

4. Nenosiri

Mpwa wangu, anayeyajua mambo haya, alikuja kututembelea kutoka Kitengela. Akaketi, akavuta kiti, akakunja mikono ya shati.

"Mjomba, nenosiri lako ni lipi?"

"mbayuwayu."

"Wanataka herufi kubwa, nambari na alama."

"Mbayuwayu1!"

"Sasa wanasema hilo ulishawahi kulitumia."

"Lini?"

"Sasa hivi, mjomba."

Alikunjua mikono ya shati akaomba chai.

3. Huduma kwa wateja

"Tupigie kati ya saa 9 na saa 5," mpwa akanisomea kwa Kiswahili safi, bila kugeuza saa. Kwa hesabu ya Mswahili yeyote hiyo ni alasiri mpaka usiku mnene. Nikapiga saa nne usiku, nimeoga, nimeandaa maneno. Nikajibiwa na mashine iliyonishukuru kwa uvumilivu wangu. Kumbe wenzetu huanza kuhesabu saa usiku wa manane, sisi jua likichomoza, na kati yetu na London pana tofauti nyingine ya saa mbili au tatu, kutegemea msimu wao. Hiyo ndiyo simu pekee niliyowahi kuilipia ili nisifiwe.

2. Mbayuwayu wenyewe

Sasa nicheke au nilie? Toleo nililokuwa nalitaka lilihusu safari ya mbayuwayu. Ndege huyu ana uzito wa gramu 20 hivi. Anatoka Ulaya baridi ikikaribia, anavuka Mediterania, anavuka Sahara, na wengine hufika mpaka Afrika Kusini. Wiki ya tatu, mimi nikiwa bado napiga hodi, asubuhi moja niliwakuta wamejipanga kwenye waya wa stima pale dukani. Ndege wamefika. Makala yao bado yamefungiwa ndani.

1. Siku ya kukatwa

Mwezi ulipotimia, saa kumi na mbili asubuhi, simu ikalia: pauni zao zimekatwa. Hawakuuliza vidakuzi, hawakutaka mtaa, hawakushuku roboti, hawakumtaja mbuzi. Mlango wa kusoma haunijui. Mlango wa kulipa unanijua mpaka jina la babu. Nikasema basi, najitoa. Nikatafuta ukurasa wa kujitoa, nikaupata, nikabonyeza. Ukanijibu kwa adabu: "Ili kujitoa, tafadhali ingia kwanza."

Ninalo sanduku la majarida ya karatasi niliyonunua kwenye vibanda vya vitabu kuukuu Nairobi. Yalinifikia yakiwa yamechelewa miaka, mengine mchwa wameshayaonja, lakini yamepita mikono ya watu watatu wanne na kila mmoja aliyasoma. Nililipa mara moja, nikabeba, yakawa yangu. Hili la mtandaoni nalilipia kila mwezi, na kilicho changu ni ruhusa ya kugonga.

Kwa hiyo, msomaji, ukishawishika, lipa mwezi mmoja kabla ya mwaka. Siku ya kwanza hiyohiyo, kabla hujasoma chochote, jaribu mambo mawili: kuhifadhi toleo zima kwenye simu yako, na kuutafuta mlango wa kutokea. Usipouona, ghairi pesa zingali zako. Na kama unachotaka ni ndege, matembezi ya Jumatano asubuhi ya shirika la Nature Kenya, yanayoanzia Makumbusho ya Taifa Nairobi, yamekuwapo tangu 1971. Unafika, unasalimia, unaangalia juu.