Jinsi ya Kutazama Ndege Thika Bila Kumwona Hata Mmoja

1. Nunua namba kubwa. Darubini huandikwa namba mbili, tuseme 8x42: ya kwanza ni mara inazokuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Wajuzi hushika 8. Wewe mtu wa heshima zako utashikaje 8? Dai 20x50, tena yenye lenzi nyekundu zinazong'aa kama taa za breki za matatu. Lenzi hizo huurudisha nje mwanga mwekundu, kwa hiyo mnana wa manjano pale Blue Posts, kati ya mito Chania na Thika, atakujia na ukijani. Ukiulizwa, sema ni jike.

2. Chagua saa. Panda daraja la wapita njia la Ruiru saa saba mchana, lami ya barabara kuu ikiwa imechemka na hewa inacheza kama juu ya jiko la makaa. Darubini yako itakuza mchezo huo mara 20, pamoja na mtetemo wa mikono yako. Yangeyange aliye ng'ambo atafanana na shuka lililoanikwa. Mtangaze kuwa korongo mweupe kutoka Ulaya. Ikiwa ni Disemba, nani atakubishia?

Alfajiri usitoke kabisa. Gawanya 50 kwa 20 upate 2.5: huo ndio upana, kwa milimita, wa mwanga unaoingia jichoni. Kwenye giza mboni hupanuka kupita hapo, nawe unailetea kijiko. Ile 8x42 ya wanyonge huleta zaidi ya milimita 5.

3. Zungumzia kina. Hapa ndipo utakapotambulika kuwa bingwa, kwa hiyo kaa karibu nikunong'oneze. Ndege aliye mita 100 huonekana kana kwamba yuko mita 5. Urefu na upana wake viko sawa, ila unene umebanwa mara 20. Ni ndege wa katoni, amebandikwa kwenye matete ya katoni. Wewe vuta pumzi, useme: "Angalia kina hicho!"

Ila jihadhari na darubini za zamani, zile zenye mabega. Mpangilio wa vipande vya kioo vilivyo ndani yake ni wa Mwitaliano Ignazio Porro, wa mwaka 1854. Lenzi zake za mbele zimeachana kuliko macho yako, kila jicho linapata picha yake, na ubongo ukizilinganisha unarudisha sehemu ya kina kilichopotea. Zile mpya zilizonyooka kama mabomba mawili hubana lenzi karibu karibu. Nyingi huzuia maji vizuri na hukaa vyema shingoni, na shingo ndiyo inayoonekana na watu.

Nilimkuta mzee mmoja kwenye mabwawa ya majitaka ya Thika, ambako ndege wa majini hawakosekani. Darubini yake ya mabega ilikuwa na mkanda uliofungwa kwa kamba ya katani. Akanipa nitazame. Mnandi alikuwa juu ya mti uliochomekwa majini, mabawa ameyatandaza yakauke, na nyuma yake niliona hewa, hewa tupu, kisha ndiyo matete. Nikarudia yangu iliyonyooka: mnandi, mti na matete, ukuta mmoja. Nikamwambia mzee yake ina ukungu.

4. Usiguse kile kigurudumu kidogo cha jicho la kulia. Kimewekwa kwa sababu macho ya watu wengi hayalingani. Ukikiacha kilivyo, jicho moja litaona ndege na jingine litaona uji, na hakuna ubongo unaoweza kutengeneza kina kwa ndege na uji. Kichwa kikianza kuuma, funga jicho moja. Wapita njia watadhani unalenga.

5. Akiruka kabla hujampata, taja jina hata hivyo. Sema haraka, ukiwa tayari unageuka upande mwingine.

Mzee yule ukimkuta, usiombe kutazama. Mimi niliomba, na sasa nina 20x50 ya kuuza, mkanda haujachakaa. Bei ni maelewano.